Mwanza hadi Guangzhou: upitie Dar moja kwa moja, Addis, Dubai au Nairobi?

Mama Kulwa anauza vitenge mlango wa tatu kutoka dukani kwangu, hapa Makoroboi. Wiki iliyopita alikuja na karatasi ya wakala wa tiketi, ameikunja mara nne, akaifungua juu ya kaunta yangu na kuweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mwanangu, mwaka jana uliniambia Dar hadi China ni masaa kumi na moja. Hapa nimehesabu yanatoka kumi na sita. Wakala ananiibia, au wewe ndiye ulinidanganya?"

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Jibu."

Karatasi ilikuwa na mfano wa safari: kuondoka Dar 11:00, kufika Guangzhou 03:00, na pembeni pana alama ndogo ya +1, maana yake unafika kesho yake. Mama alihesabu kwa vidole na wala hakukosea. Kutoka saa tano asubuhi hadi saa tisa usiku ni saa kumi na sita. Ila saa tano ile ni ya Dar na saa tisa ile ni ya China, na China wako mbele yetu kwa saa tano. Toa tano, zinabaki kumi na moja. Wakati wa kurudi mchezo unageuka: ukiondoka Guangzhou 13:00 na kutua Dar 20:00 siku hiyohiyo, karatasi inaonyesha saa saba, lakini miguu yako itakwambia ni kumi na mbili. Kwa hiyo ukipewa ratiba, usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika ukadhani umepata muda wa safari. Kwenda, punguza tano. Kurudi, ongeza tano. Hesabu hiyo inatosha China nzima, maana nchi yote inatumia saa moja tu. Ukitoka Guangzhou kwenda Yiwu hugusi saa yako tena.

Kuna mtego wa pili, na huu ni wetu wenyewe tunaosoma saa kwa Kiswahili. Kijana mmoja wa vipuri vya pikipiki aliona 01:30 kwenye tiketi, akasoma saa moja na nusu asubuhi, akalala vizuri. Ndege iliondoka yeye akiwa usingizini, kwa sababu 01:30 ni saa saba na nusu usiku. Ndege nyingi za nje huondoka Dar usiku wa manane au alfajiri, na hapo hata siku inachanganya: 01:30 ya Jumanne ni ule usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Jumatatu jioni unatakiwa uwe uwanjani tayari. Mimi huwa naandika pembeni ya tiketi kwa kalamu, kwa Kiswahili, "Jtatu usiku, saa saba na nusu", kisha naipiga picha.

Sasa, Mama anataka kwenda kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya biashara ya Guangzhou. Yako tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba, kwa awamu tatu kila msimu. Nguo na vitambaa ni awamu ya tatu, ambayo kwenye msimu wa mwisho wa mwaka huanzia Oktoba 31 hadi Novemba 4. Nimeenda Guangzhou mara nne kwa njia tatu tofauti, na jirani yangu ameenda kwa njia ya nne. Ninayoandika hapa ni yale niliyomweleza Mama, kwa yeyote wa huku ziwani anayepiga hesabu hiyohiyo.

Umbali wenyewe

Kama ndege ingeweza kuruka kutoka Mwanza hadi Guangzhou bila kukata kona, ingekwenda kama kilomita 9,130. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, ramani ile imelazwa na dunia ni mviringo. Chukua mpira wa dunia wanaofundishia watoto shuleni, bana uzi kwenye Mwanza, uvute hadi Guangzhou mpaka ukaze. Utaona uzi unapita Nairobi, unakatiza Somalia, unaingia Bahari ya Arabu, unavuka India, Ghuba ya Bengal na Myanmar, ndipo unaingia China kutokea kusini-magharibi. Katikati kabisa ya njia ni majini, upande wa magharibi wa India.

Hapo kuna jambo lililonishangaza nilipolipima: Nairobi iko juu ya uzi wenyewe. Mwanza hadi Nairobi ni kilomita 460 za hewani, Nairobi hadi Guangzhou 8,680. Jumlisha, unapata 9,140. Umezidisha kilomita kumi tu, kama kutoka uwanja wetu wa ndege hadi mjini. Dar nayo haiko mbali na njia kama watu wanavyodhani. Mwanza–Dar ni kilomita 850 na Dar–Guangzhou ni 8,710, jumla 9,560. Watu husema kwenda Dar ni kurudi nyuma. Ukweli ni kwamba ukiwa Dar umeshasogelea China kwa kilomita zaidi ya mia nne.

Hizi ndizo njia zikiwa pamoja. Saa ni za hewani tu, za kwenda. Kusubiri nitakuja kukueleza, na huko ndiko kwenye balaa.

| Njia | Kilomita | Saa za hewani | Kubadili ndege |
|---|---|---|---|
| Mwanza – Dar – Guangzhou | 9,560 | 12 na nusu | mara moja |
| Mwanza – Dar – Addis – Guangzhou | 10,650 | 14 hadi 14 na nusu | mara mbili |
| Mwanza – Dar – Dubai – Guangzhou | 10,650 | 14 hadi 14 na nusu | mara mbili |
| Mwanza – Dar – Doha – Guangzhou | 10,870 | 15 | mara mbili |
| Basi hadi Nairobi, kisha ndege | 700 za barabara, 8,680 za hewani | 11, na basi 12 hadi 14 | hakuna |

Angalia Addis na Dubai. Moja iko kaskazini yetu mlimani, nyingine iko Ghuba, lakini zikijumlishwa zinalingana karibu kabisa. Anayekwambia Addis ni mkato au Dubai ni mzunguko hajapima. Tofauti yao iko kwenye kipande unachokaa muda mrefu: kwa Addis unaruka saa tatu kasoro, unashuka, kisha unakaa saa kumi mfululizo. Kwa Dubai unakaa tano na nusu, unanyoosha miguu, unakaa saba na robo. Mwenye mgongo au magoti mabovu ataisikia tofauti hiyo kuliko tofauti ya kilomita.

Kipande kifupi kuliko vyote

Ningependa kusema njia bora ni ile fupi, makala iishe. Lakini katika safari zangu nne, sijawahi kupata shida kwenye zile kilomita 8,000 za kuvuka bahari. Shida zote zilinipata kwenye zile 850 za Mwanza hadi Dar. Kwa hiyo nampa kila mtu ushauri uleule: panga kwanza utafikaje Dar, halafu ndipo uulize ndege gani ya kwenda China.

Mara ya kwanza nilikata tiketi mbili mbalimbali. Ya Dar–Addis–Guangzhou niliinunua kwa wakala, ya Mwanza–Dar niliipata mwenyewe kwenye simu kwa bei nzuri, nikajiona mjanja. Ndege ya Mwanza ilikuwa ya asubuhi, ya nje ilikuwa ya alasiri. Katikati nilikuwa na saa tano. Nani angeogopa?

Ilikuwa Aprili. Sisi wa ziwani tunajua mvua ya ziwa inavyofanya: radi hukusanyika usiku juu ya maji, na alfajiri ndipo inapomwaga. Saa moja asubuhi nilikuwa nimekaa uwanjani kwenye kiti cha chuma, begi limeshapokelewa, natazama dirisha linavyochuruzika na nje haionekani hata milingoti ya taa. Ndege iliyokuwa ituchukue ilikuwa bado haijatoka Dar. Tulikaa. Walitangaza saa mpya, ikapita, wakatangaza nyingine. Tulipotua Dar nilikuwa na saa moja na nusu, na begi langu lilikuwa miongoni mwa ya mwisho kutoka kwenye mkanda.

Asiyejua Dar aelewe hivi: ndege za ndani hushukia Jengo la Pili, na za nje huondokea Jengo la Tatu, lile jipya la 2019. Ni uwanja mmoja lakini si paa moja. Unatoka nje na mzigo wako, unatafuta usafiri wa kuzunguka, unaingia upya, unakaguliwa upya. Nilifika kaunta nikiwa nimelowa jasho. Ndege ilikuwa bado chini, lakini kaunta ilikuwa imefungwa, maana hufungwa kama saa moja kabla ya kuruka, na aliyefunga hafungui.

Shirika la nje likasema mimi sikufika kwa wakati. Shirika la ndani likasema tiketi yangu inaishia Dar na Dar wamenifikisha. Nilikasirika sana siku ile, ila nikikaa chini naona kila mmoja alisema kilichoandikwa. Nililala gesti karibu na uwanja, nikalipa faini ya kubadili tarehe na tofauti ya nauli, na ule unafuu wa tiketi ya simu ukayeyuka pamoja na hela nyingine mara kadhaa yake.

Tiketi moja inayoanzia Mwanza na kuishia Guangzhou ni kitu tofauti. Ndege ya kwanza ikichelewa na kukukosesha ya pili, ni kazi yao kukuweka kwenye inayofuata, bila faini. Mwambie wakala wako maneno haya: "Nataka namba moja ya tiketi, Mwanza hadi Guangzhou." Akikuletea namba mbili tofauti za kuhifadhi nafasi, umepewa tiketi mbili hata kama karatasi ni moja. Inawezekana pale ambapo shirika la ndani na la nje wana makubaliano, au shirika likiwa ni lilelile njia nzima.

Ikishindikana, nenda Dar siku moja kabla. Simaanishi asubuhi ya siku hiyo, namaanisha jana yake. Hapo hata chombo gani unapanda hakina shida tena: ndege ya jeti inafika kwa kama saa moja na nusu, ile ya mapanga inachukua karibu mbili, na nusu saa hiyo haina maana ukiwa unalala Dar. Basi kutoka Nyegezi linakula siku nzima na kipande cha usiku, zaidi ya kilomita 1,100, na linakushusha Mbezi, upande mwingine wa jiji. Wengine siku hizi wanashuka Dodoma na kumalizia kwa treni ya SGR iliyoanza 2024. Ni safari nzuri, ila ukiwa na mabegi mawili utajuta kwenye kushuka na kupanda. Reli ya SGR ya kwetu, Mwanza–Isaka, ndiyo inajengwa. Ikifika, nitaandika upya.

Moja kwa moja kutoka Dar

Air Tanzania wanaruka Dar–Guangzhou kwa Boeing 787-8, ile Dreamliner. Kwa mtu wa Mwanza hii ndiyo njia fupi kati ya zote zinazopitia Dar, na ndiyo rahisi zaidi kupata tiketi moja, maana shirika lilelile linakutoa Mwanza. Unabadili ndege mara moja, na mara hiyo moja uko nyumbani: unauliza kwa Kiswahili, simu yako ina salio, na ukikwama unaye wa kumpigia. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, hilo nalihesabu zaidi ya kilomita elfu moja zinazookolewa.

Kasoro yake ni kwamba haziruki kila siku. Zina siku zake, na siku hizo hubadilika msimu hadi msimu. Ukiwa na tarehe ya kudumu kama ya maonyesho, unaweza kujikuta unafika siku tatu kabla au unabaki siku nne baada, na hoteli za Guangzhou wakati wa maonyesho hupandisha bei hata zile za uchochoroni. Hapo unafuu wa kuruka moja kwa moja unaliwa na kitanda.

Angalia pia saa ya kufika. Ukitua saa tisa usiku, treni ya chini ya ardhi imefungwa, na uwanja wa Baiyun uko karibu kilomita 30 kaskazini ya katikati ya jiji. Utachukua teksi, au utakaa kwenye benchi mpaka kupambazuke. Mimi nilikaa. Mama wa miaka hamsini na kitu sitamshauri.

Addis

Ethiopian wana ndege kila siku, Dar–Addis na Addis–Guangzhou, na hiyo ndiyo nguvu yao. Unachagua tarehe wewe. Ndani ya ile ndege ya Addis–Guangzhou utakuta Afrika nzima ya wafanyabiashara: Wakongo, Wazambia, Wamalawi, akina mama wa Kampala. Safari yangu ya pili nilikaa jirani na mama mmoja wa Lubumbashi, Kiswahili chake cha Kongo, changu cha Mwanza. Hadi tunatua alikuwa amenifundisha namna ya kukagua zipu za mabegi ya mkononi kabla ya kulipa. Darasa hilo halikuwemo kwenye nauli.

Uwanja wa Bole uko juu, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, wakati Mwanza tuko kwenye mita 1,100 na kidogo. Usiku kuna baridi ya kweli. Weka sweta kwenye begi la mkononi, si kwenye lile kubwa. Tazama pia muda wa kuunganisha: saa mbili zinatosha kama ni tiketi moja, saa nne ni raha, na kumi na mbili ni adhabu. Wakala akikupa nauli ya chini ya kushangaza, mara nyingi ameficha adhabu hiyo humo katikati. Na kwa kuwa unapita Ethiopia, beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Ukirudi Tanzania unaweza kuulizwa.

Dubai na Doha

Doha nitaipita haraka. Uwanja mzuri, viti vizuri, kilomita zimezidi kidogo, na mfanyabiashara wa Makoroboi hana anachokwenda kununua pale. Ukiikuta kwa bei nzuri, panda.

Dubai ni habari nyingine kwa sababu Dubai yenyewe ni soko. Safari yangu ya tatu nilisimama siku mbili Deira nikitazama bei za vioo na chaji za simu, na kwa mara ya kwanza nilifika Guangzhou nikijua bei ya jumla ya mahali pengine. Ilinisaidia kubishana. Vilevile kuna bidhaa ambazo, kwa mzigo mdogo, kuchukua Dubai kunalipa kuliko kwenda mpaka China. Lakini ili utoke nje ya uwanja unahitaji viza ya Falme za Kiarabu, na sisi Watanzania tunaitafuta mapema kabla ya kusafiri. Kama hutoki nje, Dubai haikupi chochote ambacho Addis haikupi, isipokuwa ule mgawanyo wa saa za kukaa niliousema.

Nairobi kwa basi

Jirani yangu alifanya hivi na anaapa hatarudia njia nyingine. Yeye kwao Tarime, na hapo ndipo siri ilipo. Kwa mtu wa Tarime au Sirari, Nairobi ni karibu kuliko Dar kwa kila hali. Kwenda Dar kwanza ni kupoteza siku. Anavuka mpaka Isebania, anapita Migori, Kisii, Narok, jioni yuko Nairobi. Kenya Airways na China Southern wote wamekuwa wakiruka Nairobi–Guangzhou moja kwa moja, na kama ulivyoona, ndiyo njia iliyonyooka kuliko zote, karibu saa kumi na moja bila kubadili ndege hata mara moja.

Kwa anayeanzia Mwanza mjini ni saa kumi na mbili hadi kumi na nne za basi kutoka Nyamhongolo, kupitia Magu, Lamadi, Bunda na mpakani, ambapo mnashuka wote, mnagonga pasi, na mnasubiri abiria mmoja ambaye siku zote ana tatizo na karatasi zake. Mtanzania hahitaji viza ya Kenya. Lala Nairobi usiku mmoja. Usithubutu kushuka kwenye basi na kwenda moja kwa moja uwanjani, kwa sababu basi likiharibika Narok hakuna wa kukulipa. Nadhani njia hii inamfaa kijana mwenye begi moja na muda. Wakati wa kurudi na sampo za kilo hamsini, kupakia na kushusha begi kwenye buti la basi mpakani sio mchezo.

Kuna wanaoniuliza Entebbe, kwa kuwa ukitazama ziwani ni pale tu, kama kilomita 280 kwa hewa. Barabara ndiyo haikubaliani na macho: lazima uzunguke magharibi yote ya ziwa hadi Mutukula, hata kama daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea foleni ya kivuko. Na ukishafika Entebbe bado utapelekwa Addis au Dubai, kwa hiyo umefanya kazi ya bure. Kilimanjaro ina mantiki kidogo zaidi, kwa sababu kutoka pale Ethiopian wanakwenda Addis, na Mwanza–Kilimanjaro–Addis–Guangzhou ni kama kilomita 9,900, pungufu ya kupitia Dar kwa 750. Kama una ndugu Arusha au Moshi, iulizie.

Kurudi, na mzigo

Usishangae kurudi kukichukua muda zaidi ya kwenda. Juu kule kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huzidi nguvu miezi ya Desemba hadi Februari. Kwenda unasukumwa, kurudi unapigwa usoni. Saa moja zaidi ni kawaida, na wakati mwingine inazidi.

Kilo ndizo zinazoumiza. Mashirika makubwa kwenye njia hizi mara nyingi huruhusu mabegi mawili ya kilo 23. Ndege ya Dar–Mwanza, kama tiketi yake ni ya peke yake, huruhusu begi moja tu la kiasi hicho. Umeshaona kitakachotokea: unafika Dar na kilo 46 halali kabisa, na kwa kilomita 850 za mwisho zile 23 za pili unalipia kilo kwa kilo. Ukiwa na tiketi moja, ruhusa ya safari ndefu hubaki nawe hadi Mwanza. Kama huna, acha begi la pili lifuate kwa basi. Wafanyabiashara wengi ndivyo tunavyofanya. Mzigo wenyewe mkubwa unakuja kwa meli kwenye konteina la kuchangia, huo hauhusiani na mabegi.

Na jambo moja dogo: WhatsApp na Google hazifunguki kwa mtandao wa China. Tiketi, anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina na namba za simu, viwe kwenye karatasi au picha ndani ya simu kabla hujapanda ndege.

Mama Kulwa alichochagua

Tulikaa na kalenda. Ndege ya moja kwa moja ya wiki ile ingemfikisha siku tatu kabla ya awamu ya nguo, na saa ya kufika ilikuwa ile ya usiku wa manane. Akapiga hesabu ya hoteli, akaguna. Basi la Nairobi hakutaka hata tulizungumze, magoti. Dubai hana biashara nayo. Tukabaki na Addis, saa tatu za kuunganisha, kufika Guangzhou mchana. Tiketi moja kutoka Mwanza wakala alisema haipatikani kwa tarehe zile, kwa hiyo atatangulia Dar siku moja kabla, alale kwa mdogo wake Ukonga, dakika chache kutoka uwanjani.

Jioni akaniomba nimsindikize Mwaloni, Kirumba. Ana shoga yake anauza dagaa pale, mwenye mzani wa kuning'iniza, na alitaka kujua begi lake jipya linabeba kilo ngapi. Ni begi kubwa la bluu, gumu, lenye magurudumu manne, alilinunua mahsusi kwa safari. Tukalitundika kwenye ndoano likiwa tupu, magamba ya dagaa yakilirukia. Mshale ukacheza, ukatulia kwenye tano na nusu.

"Tupu?"

"Tupu, mama."

Akalitazama kwa muda. "Kilo tano na nusu kabla sijaweka hata kanga." Akalishusha, akamsukumia shoga yake. "Weka dagaa humu. Mimi nitafutieni lile la kitambaa."